Ni Kama Wamekubali

Pale ofisi ya wilaya walimwita Kasuku, na jina hilo lilimkaa kuliko hata lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kurudia maneno ya wenzake: huyu anasema kwa lugha hii, yeye anasema kwa lugha ile, na kikao kikiisha hakuna anayekumbuka kwamba alikuwepo. Kwenye makaratasi alikuwa karani wa idara ya ardhi na mipango. Lakini kila lilipozuka jambo la watu wa milimani, mtu alichungulia mlangoni na kuuliza, "Kasuku yuko wapi?" Katika jengo lote lile lenye vyumba kumi na saba, ni yeye tu aliyeijua lugha yao.

Na kuijua kwenyewe kulikuwa nusunusu. Mama yake mzazi alikuwa wa kule juu, akashuka mjini kuolewa. Kasuku alilelewa na bibi yake mlimani mpaka alipotimiza miaka tisa, ndipo akaletwa mjini kusoma. Basi lugha aliyobaki nayo ilikuwa ya mtoto wa kike wa miaka tisa. Aliweza kuomba maji, kutukana mbuzi, na kumbembeleza bibi asimchape. Vikao vya watu wazima hakuwahi kuketi hata kimoja. Hilo hakumwambia mtu ofisini. Alipenda kuulizwa yuko wapi.

Watu wa milimani walikuwa kaya mia nne hivi, wafuga nyuki, na walikuwepo kabla ya barabara, kabla ya mji, kabla hata ya serikali yenyewe. Zamani makazi yao yalishuka mpaka bonde la chini, hapo palipo sasa stendi ya mabasi na uwanja wa mpira. Waliondokaje hapo, watu wa mjini hawakuwa na habari. Walijua tu kwamba asali nzuri hutoka juu.

Kisha mji ukakauka. Mabomba yakawa yanakohoa hewa tupu, akina mama wakapanga ndoo foleni tangu alfajiri, na wizara ikakata shauri kujenga bwawa katika korongo lililo chini ya vijiji vya milimani. Sheria ilisema wazi: kabla ya uamuzi kama huo kupitishwa, wanaoishi mahali hapo lazima wasikilizwe. Ndipo siku moja gari la serikali likapanda mlima likiwa na mhandisi, Kasuku, na mkuu wa idara yao, ambaye makarani walimpachika jina la Bwana Kalenda kwa sababu alikuwa mtumwa wa tarehe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

Kikao kilifanyika katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Bwana Kalenda alisoma waraka wake kwa dakika arobaini: mita za ujazo, ukingo wa zege, kaya sitini za kuhamishwa, mizinga ya nyuki kuondolewa. Kasuku alifasiri akitokwa jasho. Maneno mengine hakuyajua, akayaruka. Mengine aliyazunguka kama mtu anayekwepa dimbwi.

Alipomaliza, alisimama mwanamke mrefu aliyeteuliwa kuwasemea wenzake. Alikuwa mdogo wake marehemu mama yake Kasuku, Mama Mdogo wake wa damu, mkubwa wa wafuga nyuki wote wa upande ule. Aliwashukuru wageni kwa kupanda mlima. Halafu akatamka neno moja fupi, na darasa zima likalirudia nyuma yake kwa sauti moja. Ukilivunjavunja kwa Kiswahili, neno lile ni "liko mkononi".

"Wanasemaje?" Bwana Kalenda aliuliza.

Kasuku alisita. Wingu jeusi lilikuwa limeinama juu ya paa la bati, na dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi nje kwa kuhofia utelezi.

"Wamekubali au hawajakubali? Niandike nini?"

Kasuku alipekua kumbukumbu zake za utotoni. Bibi akimpa kiazi, yeye alisema hivyo: liko mkononi. Nimeshika. Nimepokea.

"Ni kama wamekubali," alisema.

Bwana Kalenda aliandika, akafunga daftari, na wote wakakimbilia garini. Njiani kuna kitu kilimkwaruza Kasuku moyoni, lakini mvua ilikuwa kubwa, gari lilikuwa linayumba, na alikuwa amechoka. Akalala.

Wiki sita baadaye, asubuhi ya Jumatatu, Kasuku alisikia vurumai mapokezi. Alipotoka akamkuta Mama Mdogo amesimama kaunta na wazee wawili, viatu vyao vimejaa tope la njia nzima. Walikuwa wametembea siku moja na nusu.

"Tumeleta jibu," Mama Mdogo alikuwa anamwambia karani wa mapokezi kwa Kiswahili chake kizito.

"Jibu la nini, mama?"

"La bwawa. Mkuu wenu alituletea neno, nasi tumelijadili. Mwezi mzima na zaidi. Sasa tumeleta jibu."

Karani alionyesha ubao wa matangazo kwa kalamu. "Mbona mlishajibu? Tangazo la serikali limetoka juzi. Hilo hapo."

Kasuku alisoma kutoka alipokuwa amesimama. *Baada ya wenyeji kushauriwa na kukubali kwa kauli moja, Waziri ameamua.* Lile "kama" lake lilikuwa limepotea njiani.

"Shikamoo, Mama Mdogo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nisomee, macho yangu hayafiki huko. Wameandika nini?"

Akamsomea. Mama Mdogo hakupandisha sauti. Aliweka kibeti chake juu ya kaunta, akamtazama Kasuku usoni, akauliza kwa lugha yao, taratibu, "Nani aliwaambia tumekubali?"

Kasuku aliangalia vigae vya sakafu. Aliwahi kusikia watu wakisema wametamani ardhi ipasuke iwameze, akidhani wanatia chumvi. Siku ile aliona kwamba walisema kweli tupu.

"Mimi," alisema.

Aliwapeleka Mama Mdogo na wale wazee nyumbani kwake mchana uleule. Mume wake, fundi wa majokofu, alikuwa uani amezungukwa na mafriji yaliyofunguliwa matumbo. Aliacha kazi, akawapokea, akawawekea chai, akakaa kusikiliza.

"Wewe tulikupoteza mapema," Mama Mdogo alimwambia Kasuku. "Hukukaa kikaoni, ndiyo maana. Mtoto akipewa kitu, akisema neno lile, amechukua, kakila, basi. Mtu mzima akiletewa shauri, akisema neno lile, maana yake shauri lako halijaanguka chini. Nimelishika. Sasa nenda, niache nilifikirie, nitakuja mwenyewe kukujibu. Ni adabu tu. Hata mtu akija kukuambia atachoma nyumba yako, unamwambia hivyo kwanza, halafu unamjibu."

Mmoja wa wale wazee alikohoa. "Si mara ya kwanza," alisema. "Bonde la chini lilikwenda hivyohivyo."

Ndipo Kasuku akasikia kwa mara ya kwanza historia ambayo bibi yake hakuwahi kumsimulia. Enzi za utawala wa zamani, kabla Mama Mdogo hajazaliwa, ofisa mmoja alipanda na karatasi akitaka bonde la chini. Aliyewasemea watu siku ile alikuwa babu yake Kasuku. Alisema neno la adabu, ofisa akaondoka amefurahi. Watu walipokwenda kupeleka jibu lao, walikuta vigingi vimeshapigwa ardhini. Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kikaoni hakusema tena.

"Watu walimlaumu?" Kasuku aliuliza.

"Hapana," yule mzee alijibu. "Alijilaumu mwenyewe. Hiyo ni mbaya zaidi, maana hakuna wa kukuombea msamaha."

"Na safari hii jibu lenu lilikuwa lipi?"

Mama Mdogo alinyoosha mkono, akachora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. "Hatukatai maji. Wanaokunywa huku chini ni watu, tena wengine ni watoto wetu, kama wewe. Lakini korongo walilochagua lina mizinga yetu na makaburi yetu, na chini yake ni udongo wa kichuguu, unanyonya maji kama sifongo. Juu zaidi, mto unapopinda, pana korongo jembamba la mwamba. Hapo hakai mtu. Mhandisi hakutuuliza."

Wageni walipokwenda kupumzika, Kasuku alibaki ameshika tama. Mume wake alikuwa anafuta mikono kwa tambara.

"Nikisema nilikosea, nitafukuzwa," Kasuku alisema. "Nikinyamaza, hakuna atakayejua."

"Mama Mdogo anajua."

"Ninasemea ofisini."

"Sikiliza, mke wangu. Mimi nikiharibu friji ya mtu, naifungua tena mwenyewe. Siwezi kumwambia jirani aje aifungue. Sasa neno lako wewe atalifungua nani?"

Watu wa milimani walipata wakili, mwanamke kijana mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vitabu, ngazi zake zikilia kila hatua. Aliwaeleza bila kuwapaka mafuta. "Mahakama haiwezi kuwaambia serikali wajenge bwawa wapi. Tusiende kuomba hilo, tutajicheka wenyewe tukirudi. Tunachoweza kuomba ni jaji aangalie njia waliyoifuata. Sheria inasema msikilizwe kabla. Kama hamkusikilizwa, uamuzi unaanguka, waanze upya. Lakini muhtasari wao unasema mlikubali. Nitaupinga kwa nini?"

Wote waligeuka kumtazama Kasuku.

"Kwa hati yangu ya kiapo," alisema. Ikawa imetoka.

Wakili aliandika barua kuomba faili la bonde la chini, kama sheria inavyomruhusu raia yeyote kuomba kumbukumbu za serikali. Masjala walichelewesha majuma matatu, kisha wakalitoa, limefungwa kamba na kuliwa na mende pembeni. Ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja wa mwandiko uliolala. Yule ofisa wa zamani alikuwa mwangalifu kuliko alivyojijua. Aliandika neno lenyewe la wenyeji kama alivyolisikia, akaongeza: *nalichukulia kuwa ni ridhaa*. Na chini yake, kwa tarehe ya mwezi uliofuata: *Wenyeji wamekuja kusema hawataki. Wameelezwa kwamba wamechelewa.*

Kasuku alipousoma ukurasa ule alikaa chini kwenye ngazi, machozi yakamtoka, na hakujua kama anamlilia babu yake au anajililia mwenyewe.

Habari ilipofika ofisini, Bwana Kalenda alimwita, akafunga mlango.

"Wewe ni mtumishi wa umma," alisema. "Unakwendaje kutoa ushahidi dhidi ya serikali?"

"Siendi kusema dhidi ya serikali, mkuu. Nakwenda kusema nilikosea."

"Ni kitu kilekile! Mkandarasi yuko tayari. Mji una kiu. Mke wangu mwenyewe anaamka saa kumi kusubiri bomba. Unajua tukianza upya ni miezi mingapi?"

"Najua. Hata kwangu bomba ni lilelile."

Bwana Kalenda alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Kesho yake Kasuku alikuta barua mezani: amehamishiwa masjala, chumba kisicho na dirisha, kupanga mafaili kwa namba. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyeuliza tena yuko wapi. Wenzake wa miaka kumi walimpita kwenye korido wakisoma simu zao. Alijikaza, akapanga mafaili.

Siku ya shauri, chumba cha mahakama kilijaa mpaka dirishani. Wakili wa serikali, bwana mwenye sauti ya redio, alimsimamisha Kasuku.

"Huyu mwanamke aliyezungumza kikaoni ni nani kwako?"

"Ni mama yangu mdogo."

"Ahaa. Kwa hiyo leo umegeuza tafsiri ili kuwasaidia ndugu zako."

"Kama ningetaka kuwasaidia, mheshimiwa, ningesema walikataa," Kasuku alijibu. "Hawakukataa. Walisema wamelipokea shauri na watakuja kujibu. Mimi ndiye sikuijua lugha vya kutosha, na niliona aibu kusema sijui. Mkuu aliponiuliza aandike nini, nilisema ni kama wamekubali. Nilipaswa kusema: tuwaulize tena."

"Lakini ulikuwa mkalimani wa serikali. Serikali ilikuamini."

"Ndiyo. Na wao pia waliniamini."

Jaji, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliacha kuandika akamtazama. Kisha akaomba aonyeshwe ule ukurasa wa zamani. Aliusoma, akaurudia, akauweka kando kwa uangalifu kama kitu kinachovunjika.

Hukumu ilisomwa baada ya mwezi. Kasuku aliomba ruhusa masjala, akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Kazi ya mahakama hii si kuchagua korongo," jaji alisoma. "Hiyo ni kazi ya Waziri, na kiu ya mji ni jambo zito ambalo Waziri ana haki ya kulipima. Lakini sheria imemwekea njia ya kupita. Kumsikiliza mtu si kumsomea karatasi na kuondoka. Ni kumpa habari kwa lugha anayoielewa, kumpa muda wa kutafakari kwa desturi yake, na kupokea jibu lake kabla shauri halijakatwa. Wenyeji hawa walileta jibu. Walikuta mlango umefungwa. Kumbukumbu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba waliwahi kufungiwa mlango huo huko nyuma, kwa neno hilohilo. Uamuzi wa Waziri unabatilishwa. Jambo linarudishwa kwake alianze upya, kisheria."

Wakili wa serikali alikusanya makaratasi. Watu wa milimani hawakupiga kelele. Walishikana mikono tu, mstari mzima wa benchi, na Mama Mdogo akatoa kitambaa akapenga kamasi kwa kishindo mpaka karani wa mahakama akacheka.

Nje, kwenye korido, Bwana Kalenda alimfuata Kasuku. Alisimama kando yake akitazama uwanja badala ya kumtazama yeye.

"Nililisikia lile 'kama'," alisema polepole. "Siku ile. Nililisikia vizuri. Nikaona likiandikwa litatuletea matatizo."

Kasuku alimgeukia.

"Mara hii nataka kikao kiendeshwe sawasawa," aliendelea. "Ukalimani nimpe nani?"

"Tuwe wawili. Mmoja atoke kwao, aliyekua kikaoni. Mimi nitakuwa wa pili, na nikikwama nitasema nimekwama."

Wakapanda tena. Safari hii waraka ulitangulia wiki nne mbele, ukasomwa nyumba kwa nyumba. Kikao kilichukua siku tatu. Siku ya kwanza Kasuku alisimamisha mazungumzo mara kumi na moja kuuliza maana, na mara ya kumi na moja kikongwe mmoja wa mbele alimwambia, "Uliza tu, mjukuu. Sisi hatuna basi la kuwahi." Watu waliangua kicheko, Bwana Kalenda akataka afasiriwe, akacheka naye, amechelewa kidogo.

Siku ya pili mhandisi alipelekwa kwenye korongo la mwamba. Alirudi na matope magotini, akakiri mbele ya watu kwamba ni mahali pazuri kuliko alipopachora yeye, ila bomba litakuwa refu na kazi itachukua mwaka mmoja zaidi. Siku ya tatu watu wa milimani walitoa jibu lao, likaandikwa neno kwa neno, likasomwa tena kwao kabla ya kutiwa sahihi. Hawakupata yote. Njia ya bomba ingepita kwenye msitu wao wa mashariki, na mizinga mia moja hivi ingelazimika kuhamishwa. Walibishana juu ya hilo mpaka sauti zikakauka, wakakubaliana ihamishwe na wao wenyewe, baada ya msimu wa maua. Bonde la chini halikurudi. Lakini wizara iliahidi kwa maandishi kuunda tume ya kuchunguza lilivyochukuliwa, na wakili kijana aliweka tarehe ya ahadi hiyo ukutani kwake.

Mji uliendelea na foleni za ndoo kwa muda, na wapo waliomnung'unikia Kasuku sokoni. Mama mmoja alimwambia usoni kwamba amewaongezea kiu. Kasuku alimsaidia kuinua ndoo, akamwambia, "Najua, dada. Hata yangu haijajaa."

Waziri alikubali korongo la mwamba, na jaji alikuwa ameagiza uamuzi mpya utangazwe kwa lugha zote mbili, pamoja na sababu zake. Lugha ya milimani haikuwahi kuandikwa kwenye tangazo lolote. Kwa hiyo Mama Mdogo alishuka, akaketi na Kasuku kwenye meza ya idara ya mipango kwa siku nne, wakigombana juu ya herufi.

"Sauti hii inataka herufi mbili," Kasuku alisema.

"Mbili za nini? Unataka watu wavunjike meno? Weka moja."

"Ikiwa moja itasomeka 'mbuzi', Mama Mdogo. Waziri ameamua mbuzi?"

Mama Mdogo aliisoma tena, akacheka mpaka akashika ubavu. "Haya, weka mbili."

Tangazo lilibandikwa siku ya Alhamisi, nakala moja pale ofisini na nyingine kwenye ukuta wa shule kule juu. Kasuku alipanda mwenyewe kuibandika ile ya shuleni. Watu walikusanyika. Mwanamume mmoja aliyewahi kusoma kidogo alisogea, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kutamka silabi baada ya silabi, kwa sauti, lugha yake mwenyewe. Wenzake waliokuwa nyuma walikuwa wanamsahihisha matamshi kabla hajafika mwisho wa neno.